Duru Ishirini na Mbili

1

Katika Mikindani ya miaka ile, mtu aliyepewa sauti ya marehemu hakupiga hodi. Aligonga mlango kwa pete, mara tatu, kisha akangoja. Desturi hiyo hakuitunga kadhi wala diwani. Ilianza siku mjane mmoja wa mtaa wa juu aliposikia hodi ya mumewe aliyekwisha kuzikwa, akakimbilia mlangoni na ushungi mkononi, akamkuta muuza maziwa. Tangu siku hiyo watu wakaona haya. Pete za shaba zikawa zinauzwa sokoni kwa kazi hiyo tu, na hata mtoto aliyesikia mlango ukigongwa mara tatu alijua kwamba nje yuko mtu mwenye koo lake na sauti ya mwingine.

Somoe binti Faraji alizijua pete hizo kuliko wengi, kwani yeye ndiye aliyekuwa akizijaza sauti. Hakuwa tabibu. Alikuwa fundi wa pampu katika zahanati ya sauti, na kabla ya hapo alikaa miaka tisa katika kiwanda cha viatu, akitia gundi kwenye soli. Daktari Shomvi, bingwa wa makoo, hakuchoka kumtania kwa hilo. Mgonjwa akilalamika kwamba sauti mpya inambana, daktari humwambia avumilie, fundi wetu amezoea makubadhi, itatanuka ukiivaa. Somoe naye humjibu kwamba katika miaka tisa hakuna mteja aliyemrudishia kiatu, na kwamba daktari ajitazame kwanza kama anaweza kusema hivyo juu ya wagonjwa wake.

Asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani aliketi mbele yao mwanamke asiyefika miaka ishirini na mitano. Jina lake Riziki, mzaliwa wa Newala aliyeolewa Mikindani. Homa ya koo ilimpata akiwa na mimba ya miezi minane. Kwa rehema za Mola ilimwachia uhai wake na uhai wa mtoto, ila nyuzi za sauti zilikauka, na nyuzi zikishakauka hazirudi. Dawa yake ilikuwa moja: ute hai, uliochukuliwa katika koo la mtu aliyeridhia, ukakuzwa na kutunzwa katika baridi, kisha ukajazwa kwenye nyuzi zile hadi zikaweza tena kutetema. Aliyepewa ute huo hupewa pamoja nao sauti ya mwenyewe, kama vile mche unavyokwenda na harufu ya ua lake.

Wakati daktari akisoma majibu ya vipimo, mtoto wa Riziki, Nasma wa miezi saba, alikuwa amelazwa chumba cha pili. Akaamka, akalia. Riziki aliinuka, akafungua kinywa, shingo ikamkakamaa, kisha akakumbuka, akakimbia. Aliporudi na mtoto begani aliandika katika kibao chake cha kioo, akakigeuza wakisome:

"Akilia nami nipo chumba kingine, siwezi kumwambia nipo."

Daktari alitazama pembeni kidogo. Kisha akaeleza kwamba katika ghala mna mirija mia na sita ya ute, na damu ya Riziki imeikataa yote isipokuwa mmoja, nao umebakiwa na siku kumi na nane kabla haujafa. Akataka kuisoma namba yake. Somoe alikuwa ameshaiona. Aliijua namba ile kama mtu anavyoujua mlango wa kwao gizani, kwani ule ulikuwa ute wa mama yake.

2

Ute huishi ghalani miaka mitano, na wa Bi Asumini ulikuwa umetimiza miaka hiyo kasoro siku hizo kumi na nane; aliutoa akiwa mgonjwa, na hakuishi hata wiki mbili baada yake. Alikuwa mwalimu wa watoto wa kike, akiwasomesha barazani, na katika Maulidi ya mji sauti yake ilikuwa ikitambulikana kabla ya taa kuwashwa. Alipoutoa ute alisema neno moja, kwamba akitokea mwenye haja apewe. Lakini sheria ya zahanati iliwataka warithi nao waridhie, na mrithi aliyesalia mbali na Somoe alikuwa ni mumewe, Mzee Faraji, msimamizi wa zamani wa mashamba ya chumvi, ambaye mng'aro wa chumvi ulikuwa umeyala macho yake hadi akabaki kuona vivuli tu.

Kila Ijumaa baada ya sala, mzee huyo alikwenda zahanati kwa kupapasa kuta, akaketi kwenye benchi lililo karibu na mlango wa ghala. Hakuwahi kuomba kuingia. Wauguzi walimletea maji, akashukuru, akavuta tasbihi yake, akarudi nyumbani.

Alasiri ya siku ile Somoe alimweleza habari ya Riziki, ya mtoto, na ya siku kumi na nane. Mzee alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasema kwamba anajua wasia wa mkewe, na anajua pia kwamba sauti haikutajwa katika mali za kurithiwa. Ni amana ya Mwenyezi Mungu, mja huazimwa. Hayo yote aliyajua. Ndipo akasema lililo moyoni.

"Mama, mimi siogopi kuikosa sauti yake. Kuikosa nimekwisha kuzoea. Naogopa kuikuta. Nitakuwa sokoni nachagua nyanya, niisikie ikibembeleza bei. Niisikie ikimwita mume wa watu."

Somoe alimtengea chai, akamkalia karibu, nao wakamaliza jioni ile wakizungumza mambo ya paa linalovuja.

Asubuhi iliyofuata, wakinywa uji, mzee alimuuliza pampu huzungushwa duru ngapi kuijaza sauti ya mtu. Somoe akamwambia ishirini na mbili. Mzee akauliza itakuwaje zikiwa chache, tuseme kumi na nne. Hapo Somoe akaweka kikombe chini, akamweleza kweli tupu: kumi na nne zitatoa sauti ya kukwaruza, isiyofanana na ya mtu yeyote, itadumu miaka mitatu, pengine minne, kisha itafifia, na koo hupokea ute mara moja tu katika umri wake.

"Basi mpe kumi na nne," akasema mzee. "Atamwimbia mwanawe, nami nitanunua nyanya zangu kwa amani. Nitatia sahihi hivyo."

"Baba, yeye hatajua kwamba amepunjwa."

"Anacho nini sasa? Hana hata moja." Sauti yake ilikuwa ndogo, na mkono wake ukautafuta mkono wa binti yake. "Sijakuomba jambo tangu tumzike mama yako. Nipe neno lako."

Somoe aliutazama mkono ule, ulioganda makovu ya chumvi, uliomlea. Aliyajua maandiko juu ya wazazi, aliyafundishwa na mama yake mwenyewe pale barazani, na aliyajua pia yaliyosemwa juu ya vipimo.

"Sawa, baba," akasema.

3

Siku ya kumjaza Riziki ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Mzee Faraji alikuja ingawa haikuwa Ijumaa. Hakukaa kwenye benchi la ghala. Aliomba apelekwe kwenye benchi la mlango wa chumba cha kazi, na muuguzi akamwacha hapo, karibu na mume wa Riziki aliyempakata Nasma.

Ndani, Riziki alikuwa amelala chali, koo limetiwa ganzi, macho wazi. Daktari Shomvi alishika bomba jembamba lililopita kinywani, akitazama katika kioo chake ncha ya sindano ilivyoegemea nyuzi. Kazi ya daktari ilikuwa kuelekeza. Kazi ya kutoa ilikuwa ya Somoe.

Pampu ile haikuzidi kalamu kwa unene. Ndani yake mlikuwa na parafujo ya chuma, iliyosokotwa taratibu kama msuko wa nywele, nayo imelala katika ala ya mpira iliyochongwa msokoto wake wenyewe. Misokoto hiyo miwili hailingani, na kwa kutolingana huacha baina yake vifuko vidogo vilivyozibwa pande zote. Parafujo ikigeuka, vifuko husogea mbele kwa zamu, kila kimoja kimebeba ute wake, pasiwe na kinachokamuliwa wala kupondwa. Zamani ute ulikuwa ukisukumwa kwa hewa katika bomba la sindano. Hewa iliua chembe hai nyingi, na kadiri bomba lilivyopungua ndivyo kipimo kilivyobadilika, hata tabibu akabaki kukisia. Pampu ya parafujo haikisii. Ute uwe mzito kama asali au mwepesi kama mafuta ya nazi, duru moja hutoa kiasi kile kile. Somoe alijifunza hayo kiwandani, kwa pampu ya aina hii hii iliyo nene kama mkono, na siku ya kwanza alipouona mstari wa gundi ukizunguka soli bila kuvimba wala kukatika, alisimama akautazama hadi msimamizi akamuuliza kama anataka kuuposa.

Jambo moja pampu hiyo haivumilii, nalo ni kuzungushwa kavu. Ute ndio unaoilainisha. Ikikosa, mpira huungua kwa pumzi chache. Basi Somoe aliijaza kwanza ute wa maji usio na uhai, akausukuma nje, akangoja mpaka tone la kwanza la ute wa mama yake lilipotokeza kwenye ncha, jeupe, zito, linalong'aa. Hapo akasoma Bismillahi, akabonyeza kitufe.

Kila duru ilipotimia kijino kidogo kiligonga ndani ya pampu. Tak. Somoe alihesabu kwa midomo, kama alivyohesabu siku zote. Tano. Tisa. Daktari alinong'ona kwamba nyuzi zinajaa vizuri. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Akaachia kitufe.

Daktari akauliza, bila kuinua jicho kwenye kioo chake, kama imekwama, kwani ute ukitulia ndani ya ncha huanza kuganda, na alikuwa na pumzi chache tu za kungoja. Kidole cha Somoe kilibaki hewani. Nje ya mlango, Nasma alilia.

Riziki alikuwa na ganzi, na alikuwa ameambiwa asitikisike. Hakutikisika. Lakini macho yake yalikwenda mlangoni, na koo lile lililofumwa sindano likapanda mara moja, likashuka, likijaribu neno.

Jambo lililomjia Somoe wakati ule halikuwa aya wala hotuba. Ilikuwa ni pishi ya mbao. Kila mwisho wa Ramadhani majirani walimletea Bi Asumini mchele wa fitri awapimie, kwa kuwa waliiamini pishi yake. Alikuwa akiijaza, akiitikisa, akiijaza tena hata mchele ukafanya kilima na punje zikaporomoka mkekani, na Somoe mtoto akimwambia, mama, imeshajaa. Naye humjibu kwamba imejaa kwa mpimaji, bado kwa mpokeaji.

Kidole kikarudi kwenye kitufe. Tak. Kumi na tano. Somoe alikuwa akilia bila sauti, akihesabu bila kukosea. Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na mbili. Kisha akaigeuza parafujo nyuma nusu duru, nayo ikavuta tone la mwisho lililotaka kudondoka, likarudi ndani, ncha ikabaki safi.

"Mashallah," akasema Daktari Shomvi, akichomoa bomba. "Kandambili imekaa."

4

Siku mbili Somoe hakuweza kusema. Alimpikia baba yake, akamsomea barua, akamwongoza msikitini, na kila alipofungua kinywa neno liligeuka kuwa jingine. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee na kumwambia kwamba amevunja ahadi, amemwasi, na anaomba radhi zake ingawa hawezi kusema kwamba anajuta.

Mzee Faraji alitia mkono mfukoni, akatoa tasbihi, akampa. Somoe aliona uzi mwekundu umefungwa kwenye punje moja. Akahesabu toka mwanzo. Ilikuwa punje ya ishirini na mbili.

"Pampu yako ina kelele," akasema mzee. "Macho yamekwenda, masikio bado yapo."

Kisha akamweleza, polepole, kwamba alikaa pale mlangoni ili kuhakikisha. Ilipogonga ya kumi na nne ikatulia, alishusha pumzi. Halafu mtoto akalia mikononi mwa baba yake, na baba yake akawa anambembeleza kwa maneno yote aliyokuwa nayo, naye hanyamazi, kwa kuwa hakuwa yeye aliyetakiwa. Ikagonga ya kumi na tano. Mzee akainuka, akashika kitasa. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Angeweza kuingia.

"Nilisimama nimeshika kitasa mpaka ya kumi na tisa," akasema. "Halafu nikakaa. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, mama. Zile za mwisho tulizitoa wawili."

Somoe aliweka paji la uso juu ya magoti yake, na mzee akamwekea mkono kichwani. Wakakaa hivyo hadi chai ikapoa. Lakini kabla hajainuka mzee alimwomba jambo moja: asimlete mwanamke yule nyumbani. Alichokitoa amekitoa, na Mungu akipokee. Kukisikiliza ni jambo jingine, na hilo bado haliwezi.

Somoe akakubali, na safari hii alinuia kulitimiza.

5

Ute huchukua siku arubaini kushika. Katika siku hizo aliyejazwa hukatazwa kunena hata kwa kunong'ona. Ramadhani ikaingia, ikapita na tarawehe zake, na siku ya arubaini ya Riziki ikaangukia asubuhi ya Idi.

Somoe hakumwalika. Wala Riziki hakuambiwa nyumba ile ni ya nani katika habari ya sauti yake. Alijua tu kwamba ni nyumba ya fundi wa pampu, na kwamba siku ya Idi mtu humpelekea sahani yule aliyemtendea wema. Basi alikuja na sahani ya tambi zilizofunikwa kitambaa, Nasma mgongoni, na pete mpya ya shaba kidoleni.

Mlango uligongwa mara tatu.

Jikoni, Somoe alisimama na mwiko mkononi. Aliijua hesabu ya siku kama alivyoijua hesabu ya duru, na akajua ni nani. Alitoka mbio, lakini mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, amevaa kanzu yake ya Idi, na alikuwa ameinua kiganja kumzuia. Naye alikuwa amehesabu.

Pete ikagonga tena, mara tatu, kwa adabu, kama mtu anayekaribia kuondoka.

Mzee Faraji aliuelekeza uso wake mlangoni. Midomo yake ilisogea kwanza bila sauti. Kisha akasema:

"Pete waachie wengine, mwanangu. Piga hodi."

Mtu aliyekaa zaidi ya miezi tisa bila neno hulitafuta la kwanza kwa woga. Kisha likaja.

"Hodi."

Somoe aliushika ukuta. Ilikuwa yeye, unene ule ule, na kile kipande cha hariri kilichokuwa mwisho wa kila neno lake. Akamtazama baba yake, akamwona amefumba macho yasiyoona, na machozi yameingia katika ndevu nyeupe.

"Hodi, babu," ikarudia sauti, ikipanda kwa lafudhi ya Newala mahali ambapo Bi Asumini angeshuka.

Mzee akatabasamu. Ilikuwa ni kama mtu aliyejiandaa kwa mzigo, akaushika, akaukuta una uzito mwingine.

"Somoe," akasema kwa upole, "miaka arubaini na mmoja tulikaa na mama yako, na neno hili hakuniambia hata siku moja. Hii ilikuwa nyumba yake, angenipigiaje hodi?" Akajifuta kwa mkono wa kanzu. "Ni la huyu. Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

Riziki akaingia, akaamkia, akaitikiwa. Hakuelewa kwa nini mzee yule alitaka amkaririe shikamoo mara mbili, wala kwa nini fundi wa pampu alimkumbatia mpaka tambi zikataka kumwagika. Walimshusha mtoto, wakamlaza mkekani miguuni pa mzee, na wanawake wawili wakaenda jikoni kupakua.

Hawajakaa sana, Nasma akalia.

"Nipo, mama," ikaita sauti kutoka jikoni. "Nipo."

Neno hilo Mzee Faraji alikuwa amelisikia mara elfu, likitoka jikoni pale pale. Alikaa kimya, na mtoto naye akanyamaza, wote wawili wakiwa wameelekeza nyuso upande mmoja. Kisha mzee akainama, akapapasa mpaka akakipata kichwa kidogo chenye joto.

"Umesikia?" akamwambia. "Yupo."